Mwenyeji wa Ngome ni Nani?

Ngome ya Harlech, kaskazini-magharibi mwa Wales, imejengwa juu ya mwamba unaopanda karibu mita 60 kutoka uwanda wa pwani. Upande mmoja kuna bahari, upande mwingine milima ya Eryri, na siku ya anga safi unaweza kuona hadi Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote katika Wales. Minara minne ya duara imesimama kwenye pembe, na mbele yake kuna jengo kubwa la lango. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu historia ya mahali hapo, akifika husimama kwanza. Kuta zile zinaonekana kama zimeota kutoka mwambani.

Naipenda ngome hii. Nimekwenda mara nne tangu nilipofika Wales kusomea uzamili wa uhifadhi wa turathi, na kila mara nimefurahi. Najua pia ilijengwa kwa kazi gani: kuwaonyesha watu wa nchi ile kwamba wameshindwa, na kuhakikisha hawainuki tena. Ninachotaka kujua ni kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila unafiki. Mtu akilipa kiingilio, akapiga picha, akanywa kahawa na kuondoka na furaha yake, katika mahali palipojengwa ili wengine wainamishe vichwa, je, ametenda kosa? Na kama si kosa, kuna kitu anachodaiwa?

Kwangu swali hili si la kupitishia wakati. Nikimaliza masomo, kazi ninayotarajia kuifanya nyumbani ni pamoja na kuandika vibao vya maelezo vinavyowekwa mbele ya majengo kama haya. Maneno yake huwa machache, sentensi tano au sita, na wageni wengi hawasomi kingine chochote. Anayeyaandika ndiye anayeamua nani atajwe na nani aachwe.

Basi kwanza nieleze yaliyotokea. Desemba 1282, Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, aliuawa katika vita dhidi ya majeshi ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, na kichwa chake kikapelekwa London. Mwaka uliofuata ndugu yake, Dafydd, alikamatwa na kuuawa hadharani katika mji wa Shrewsbury. Llywelyn alikuwa ameacha binti mchanga, Gwenllian. Mtoto huyo alichukuliwa akapelekwa katika nyumba ya watawa huko Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, asije akaolewa na kuzaa warithi. Alikaa huko maisha yake yote. Alifariki mwaka 1337, akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini.

Harlech ilianza kujengwa mwaka 1283, kabla damu ya vita haijakauka, na ikakamilika mwaka 1289. Msimamizi wake alikuwa fundi mkuu James wa St George, aliyeletwa kutoka Savoy, nchi ya milima ya Alps. Katika majira ya joto ya mwaka 1286 watu wapatao 950 walikuwa kazini: waashi, wachimba mawe, wahunzi, maseremala na vibarua. Gharama ilizidi pauni 8,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Wakati huohuo ngome nyingine zilikuwa zikijengwa Conwy na Caernarfon, na baadaye Beaumaris. Wanahistoria wameziita pete ya chuma iliyoizunguka kaskazini ya Wales. Mwaka 1986 UNESCO iliziingiza ngome hizo nne, pamoja na kuta za miji ya Conwy na Caernarfon, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ubora wa kazi yenyewe hauna ubishi. Mwaka 1294 Wawelisi waliasi wakiongozwa na Madog ap Llywelyn. Harlech ilizingirwa, na waliokuwa ndani wakiilinda walikuwa wanaume 37 tu. Haikuanguka. Siku zile bahari ilifika karibu na mguu wa mwamba, na kuna ngazi ndefu ya mawe inayoshuka kutoka ngomeni hadi kwenye lango la chini, ambako meli zilizotoka Ireland zilishusha chakula. Watu 37 waliweza kuishika nchi nzima ya jirani kwa sababu ya mawe, ngazi na bahari. Ukishuka ngazi hiyo leo, huku upepo unakupiga usoni, unamstahi aliyeibuni. Papo hapo unakumbuka aliibuni dhidi ya nani.

Lakini kilichonigusa kuliko yote ni madirisha. Ukilitazama jengo la lango ukiwa nje, unaona ukuta mzito wenye matundu membamba ya kurushia mishale. Ukivuka lango ukageuka nyuma, ukiwa sasa katika ua wa ndani, jengo lilelile lina madirisha makubwa, mapana, yanayoingiza mwanga katika vyumba vilivyokuwa na mahali pa kuotea moto. Huko ndiko walikokaa wakubwa. Kiswahili kina maneno mawili ambayo lugha nyingi za Ulaya huyachanganya katika neno moja: ngome na kasri. Ngome ni ya kumzuia mtu, kasri ni ya kumstarehesha. Harlech ni vyote viwili kwa pamoja, na kinachoamua unaona kipi ni upande uliosimama. Wa nje aliona ngome. Wa ndani aliona kasri.

Mtalii anaingia moja kwa moja hadi uani. Tangu mwaka 2015 kuna daraja la watembea kwa miguu linalomchukua kutoka kituo cha wageni hadi langoni bila taabu, na ni jambo jema, kwa kuwa hata mwenye kiti cha magurudumu anafika. Lakini daraja lile linatuweka sote mahali pa aliyekuwa na madirisha. Hakuna anayeanza ziara yake chini ya mwamba, akitazama juu, kwenye matundu.

Nilimtumia mama picha kwa WhatsApp, na kwa kuwa yeye ni mtu wa Mombasa aliyekulia kivulini mwa Ngome, nilidhani atasema inafanana na ile yetu. Akanipigia. "Mashallah, pahali pazuri. Nani alijenga?" Nikamweleza habari za mfalme na vita. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na wenyeji walikuwa wapi, mwanangu?"

Nilimjibu nilichokijua. Mwaka 1284 mfalme aliupa mji mdogo ulio nje ya ngome hati ya kuwa mji wa biashara, na waliokusudiwa kuishi humo walikuwa walowezi Waingereza. Wenyeji walibaki nje, mashambani na milimani, wakilipa kodi. Mama akasema, "Haya. Basi uandike hivyo." Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Kwangu ndiyo yalikuwa yanaanza.

Jibu la kwanza ambalo watu hulitoa ni kwamba muda umepita. Miaka 700 na zaidi! Hakuna aliye hai aliyemwona Edward, wala mwenye haki ya kumlilia Llywelyn kama ndugu yake. Kuna ukweli hapo. Siamini kwamba mtoto wa Kiingereza anayekimbia juu ya kuta za Harlech leo amebeba dhambi ya mfalme wake. Hata hivyo, hoja ya muda ina tundu. Muda hausafishi kitu kwa kupita tu. Wakati wa maasi ya mwanzoni mwa karne ya 15, sheria ziliwekwa za kuwakataza Wawelisi kubeba silaha katika miji na kushika vyeo vingi katika nchi yao wenyewe, na sheria hizo hazikufutwa rasmi hadi mwaka 1624. Jeraha lililofanywa mwaka 1283 lilikuwa bado linachokonolewa zaidi ya miaka mia moja baadaye. Wanaosema muda umepita mara nyingi huanza kuhesabu kutoka siku ya vita, si kutoka siku dhuluma ilipokoma.

Jibu la pili nilipewa na mwenzangu wa darasani, Mwelisi aliyezaliwa si mbali na Harlech. Yeye hajawahi kuingia ndani ya ngome ile na anasema hataingia. Haoni kwa nini alipe pesa ili astaajabie mnyororo uliowafunga wazee wake. Akipita, anatazama upande wa bahari. Namheshimu sana kwa hilo, na sitasema amekosea, maana ni nchi yake na si yangu. Ila nikikaa na hoja yake, naona inamwachia Edward zaidi ya anachostahili. Inakubali kwamba ngome ni ya aliyeijenga, milele, na wengine wote ni wapita njia.

Historia ya Harlech yenyewe haikubali hivyo. Mwaka 1404, baada ya kuizingira kwa muda mrefu, Owain Glyndŵr aliiteka. Huyu ndiye Mwelisi aliyeongoza maasi makubwa kuliko yote na kujitangaza mtawala wa Wales. Hakuibomoa. Alihamia. Aliwaleta mke wake na watoto, na mwaka 1405 akaitisha bunge hapohapo. Kwa miaka michache Kiwelisi kilizungumzwa nyuma ya yale madirisha makubwa. Wenyeji walikuwa wameingia kasrini.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Ngome ilizingirwa tena, ikapigwa kwa mizinga, na mwaka 1409 ikarudi mikononi mwa Waingereza. Owain alitoroka na hatimaye akatoweka katika historia, kaburi lake lisijulikane. Mke wake Margaret na binti yao Catrin walikamatwa wakapelekwa katika Mnara wa London. Catrin na mabinti zake walikufa London. Miaka zaidi ya mia moja baada ya Gwenllian, watoto wa kike walikuwa bado wanalipa kwa ajili ya majina ya baba zao.

Baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, ngome ilizingirwa tena hadi mwaka 1468, na inasemekana ukaidi wa waliokuwa ndani ndio unaokumbukwa katika wimbo wa Men of Harlech, ambao mashabiki wa raga wa Wales huuimba mpaka leo. Fikiria hilo. Jina la ngome iliyojengwa kuwanyamazisha limekuwa wimbo wanaouimba kwa sauti kubwa kuliko zote. Na anayeshika ufunguo wa ngome leo ni Cadw, idara ya serikali ya Wales inayosimamia turathi. Jina lake ni neno la Kiwelisi lenye maana ya kutunza. Vibao vya pale vimeandikwa kwa Kiwelisi na Kiingereza. Muda peke yake haukufanya hayo. Watu ndio waliyafanya, wengine kwa kufa.

Kwa hiyo nimeanza kuamini kwamba tofauti haiko kati ya kuingia na kutoingia, bali kati ya kukitunza kitu na kukisifu. Mfano mzuri ulitokea mwaka 2017 huko Flint, kwenye ngome nyingine ya Edward, ya kwanza kuanza kujengwa kati ya zake huko Wales. Serikali ya Wales ilitangaza mpango wa kuweka hapo sanamu kubwa ya pete ya chuma, ili kuvutia watalii. Watu walikasirika. Maelfu walitia saini malalamiko, na mpango ukaachwa. Mtu wa nje angeweza kushangaa: ngome zenyewe mnaziacha zisimame, mnazilipia matengenezo, halafu mnakataa sanamu? Mimi naona walikuwa na mantiki kamili. Ngome ni ushahidi. Aliijenga mshindi, nasi tunaitunza kama vile mahakama inavyotunza kisu. Lakini pete mpya ingetengenezwa na sisi, kwa pesa zetu, leo, na ingekuwa ni kumpigia mshindi makofi. Ushahidi wa zamani hauwezi kukanushwa, ila sifa mpya zinaweza kukataliwa.

Ninapofikiri hivi siwezi kuiacha Mombasa nyuma. Ngome yetu, ambayo vitabu huiita Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, juu ya jiwe la matumbawe mbele ya bahari, kuushika mji na njia ya biashara. Katika mzingiro mrefu wa Waomani ulioanza mwaka 1696, Wareno walikufa kwa maradhi hadi ulinzi ukabaki kwa Bwana Daud wa Faza na kundi dogo la Waafrika, wengi wao wanawake. Ngome ilianguka mwaka 1698. Waingereza walipokuja waliigeuza jela, ikabaki hivyo hadi mwaka 1958. Sasa ni makumbusho, na tangu 2011 nayo imo katika orodha ya UNESCO. Katika pwani yetu neno gereza lilikuwa na maana ya ngome kabla halijawa na maana ya jela tu. Nenda Kilwa Kisiwani, ngome ya pale bado inaitwa Gereza. Lugha iliweka kumbukumbu ambayo vibao havikuweka. Lakini wale wanawake waliokuwa ukutani pamoja na Bwana Daud, ni watoto wangapi wa shule wanaotembezwa pale wanaotoka wakijua kwamba waliwahi kuwako?

Kuna methali ambayo kila mtu wa utalii anaijua, maana imechoka kwa kuandikwa mahotelini: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitumia kumkaribisha mgeni, lakini ukiisikiliza vizuri, inaweka sharti. Kuja kwa mgeni kuna faida iwapo mwenyeji anapona. Kama mgeni anakuja na mwenyeji anabaki mgonjwa, au mwenyeji hatajwi kabisa, methali haijatimia. Basi mbele ya ngome yoyote swali la kwanza la maadili ni lile la mama: wenyeji walikuwa wapi? Na la pili: wako wapi sasa, na kuja kwangu kunawapa nini?

Kupona si pesa tu, ingawa pesa ni muhimu. Harlech ni mji mdogo, na wageni wa ngome ndio wanaoweka taa za maduka zikiwaka. Mwenyeji hupona pia anapotajwa kwa jina, katika lugha yake, mahali pale ambapo aliwahi kutazamwa kupitia tundu la mshale. Hupona asipolazimika kuigiza furaha wala huzuni kwa ajili ya mgeni. Na mwenzangu yule asiyeingia, naye ni mwenyeji. Haki yake ya kutazama bahari ni sehemu ya kupona.

Sitaki kujifanya kwamba hoja hii inamaliza kila kitu. Bado kuna jambo linanisumbua, nalo ni wale vibarua. Baadhi ya waliojenga ngome za Edward hawakuja kwa hiari. Walikusanywa kutoka wilaya za Uingereza kwa amri ya mfalme na kupelekwa Wales kwa miguu. Hawakuwa wenyeji, wala hawakuwa wakubwa. Jiwe walililibeba wao, lakini vyumba vyenye mwanga havikuwa vyao. Ninaposema naipenda Harlech, ukweli ni kwamba ninachokipenda hasa ni mikono yao: jinsi jiwe lilivyokaa juu ya jiwe kwa miaka 700 mbele ya upepo ule. Furaha yangu haimwendei Edward. Labda ndiyo sababu haijanikaa kama hatia. Uzuri wa jengo si mali ya aliyeamuru, kama vile ladha ya wali si mali ya aliyenunua mchele.

Bali furaha isiyo na deni ni jambo jingine, na hiyo siidai. Ninachodaiwa ni kutazama pande zote mbili za ukuta. Ningependa Harlech ianze na dakika tano chini ya mwamba, mahali pa wenyeji, kabla ya daraja na kabla ya kahawa. Ningependa mgeni ayajue majina ya Gwenllian na Catrin kabla hajajifunza jina la James wa St George, hata kama fundi huyo alikuwa hodari kweli. Halafu aingie, apande minarani, atazame Eryri na bahari, na afurahi kadiri awezavyo.

Siku nitakapopewa kuandika kibao cha ngome yoyote ya pwani yetu, nitakuwa na sentensi tano au sita. Mwaka wa ujenzi lazima uwemo, na jina la aliyeamuru, maana bila hayo ushahidi haukamiliki. Lakini sentensi ya kwanza nimeshaiamua. Itasema mji ulikuwa wa nani kabla ukuta haujasimama.